Usiseme ni Uzee Tu

Leo tuzungumze juu ya wazee wetu na virusi vya UKIMWI.

Katika nyumba nyingi nyanya ndiye aliyewauguza wanawe kwa UKIMWI, akawazika, na sasa anawalea wajukuu. Huwakumbusha dawa na kuwapeleka kliniki. Je, yeye mwenyewe nani humuuliza hali yake? Akikonda, akisahausahau, au akitokwa na jasho usiku, twasema ni uzee. Pengine ni uzee. Pengine ni kifua kikuu, kisukari au virusi. Kwa macho huwezi kujua, ni lazima apimwe.

Mzee aweza kuambukizwa kwa kujamiiana bila kinga kama mtu mwingine yeyote, hata ndani ya ndoa au mjane anaporithiwa. Wengine waliambukizwa zamani, virusi vikakaa mwilini miaka mingi bila dalili. Basi tusimlaumu.

Kumwambia mama mkwe akapimwe si rahisi. Usilianzishe mbele ya watoto. Mwombe dada yake, rafiki wa rika lake au mhudumu wa afya wa kijijini azungumze naye faraghani. Aelezwe kwamba kupimwa ni kwa hiari yake, na majibu ni siri yake.

Akipatikana na virusi, dawa za ARV hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali. Akizimeza kila siku, aweza kuishi miaka mingi. Msaidie hivi:

1. Akienda kliniki, abebe dawa zake zote katika mfuko mmoja: za presha, za sukari na hata za mitishamba. Tembe za kiungulia na za kuongeza damu zaweza kupunguza nguvu ya baadhi ya ARV.

2. Kama haoni vizuri au husahau, akubaliane nawe ni nani atakayemkumbusha.

3. Mle pamoja. Usimtengee kikombe wala sahani, kwa maana virusi haviambukizwi kwa chakula.

4. Akiwa na miaka 70 au zaidi, mwulizieni kwa chifu kuhusu msaada wa fedha wa Inua Jamii.

Mama, jioni hii keti na mzee wako. Mwulize amelalaje, na amekula nini.