Msukumo wa Roho na Gunia la Lumbesa

Festo Kivengere alikuwa mwalimu kijana wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, alipookoka mwaka 1941. Baadaye alipenda kusimulia kisa cha siku zile za mwanzo. Akiwa bado anafurahia amani mpya, alikumbushwa moyoni Mwingereza mmoja ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimchukia, na kumbukumbu hiyo ikaja na agizo la kwenda kupatana naye. Mtu mwenyewe aliishi mbali, maili 50 hivi, yaani karibu kilomita 80. Kivengere alipanda baiskeli akaenda.

Mwalimu huyo alifundisha miaka kadhaa Dodoma, akawa Askofu wa Kigezi mwaka 1972, na mwaka 1977 akaikimbia Uganda baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa. Alihubiri katika majukwaa mengi, ndani na nje ya Afrika. Lakini Mkristo wa Litapunga anayejiuliza Roho Mtakatifu humtaka afanye nini siku ya Jumanne, shambani au sokoni, atajifunza zaidi kwenye ile baiskeli kuliko kwenye majukwaa yote.

Litapunga ni kata ya Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi, katika nchi ya mahindi, mpunga na tumbaku. Msimu wa mavuno ukifika, wanunuzi huingia vijijini na magunia yao, na lumbesa huingia nao. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa ni gunia lilelile lililojazwa mpaka mdomoni, likaongezewa kichwa, likashonwa kwa kamba. Mkulima hulipwa gunia moja na kile kichwa kinaondoka bure. Hakuna asiyelijua jambo hilo. Wanunuzi nao si wageni wa dini: yumo mwimba kwaya, yumo mhasibu wa jumuiya, yumo aliyefunga na kuomba wiki nzima kabla ya kuanza safari.

Hapo ndipo mada ya msukumo wa Roho inapokaa. Msukumo wa kukata kile kichwa cha gunia hauji kwa ndoto wala kwa sauti ya ngurumo. Huja kama aibu ndogo tu, pale mkulima anapotazama pembeni ili asione gunia lake linavyoshindiliwa. Ni rahisi mno kuuzima. Neno moja linatosha: ndiyo biashara. Mtu akishauzima msimu mmoja, msimu wa pili hausikii tena, na bado Jumapili atasimama kushuhudia jinsi Roho alivyomsukuma aombee mataifa.

Kitabu cha Matendo ya Mitume hakina subira na misukumo isiyo na anwani. Filipo, katika sura ya 8, anaondolewa kwenye mkutano wenye watu wengi na kupelekwa kwenye barabara ya jangwani kwa ajili ya msafiri mmoja. Anania, katika sura ya 9, anatajiwa mtaa, mwenye nyumba na jina la mtu wa kumwendea, naye ni mtu anayemwogopa. Anabisha kwanza, ndipo anakwenda. Kubisha kwake hakukuhesabiwa uasi, jambo ambalo wahubiri wanaodai utii wa papo hapo hulipita haraka.

Je, mtu atajuaje kwamba ni Roho, si njaa, hasira au tamaa yake mwenyewe? Samweli hakujua. Alimkimbilia Eli mara tatu, na ni mzee huyo, mwenye macho yaliyofifia na watoto waliomshinda kuwalea, aliyetambua nani anaita. Ni habari njema kwa makanisa yetu, ambayo hayana uhaba wa wazee wenye kasoro.

Uamsho wa Afrika Mashariki uliifanya njia hiyo ya Samweli kuwa desturi. Chimbuko lake linatajwa kuwa ushirika wa Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, waliokutana Kampala mwaka 1929. Moto ukawaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka hadi Buhaya. Huko alitokea Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba aliyekuja kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, 1977 hadi 1984. Walokole, yaani waliookoka wa uamsho huo, hawakuridhika na machozi. Aliyeokoka alirudisha alichoiba, akalipa deni alilolikana, akaenda kwa aliyemkosea na kumtajia kosa kwa jina lake. Kisha alikuja mbele ya ndugu kwenye ushirika kueleza anachoona Bwana anamwambia, nao wakauliza maswali. Waliita maisha hayo kutembea nuruni. Yalikuwa na hatari zake pia: kundi linaloulizana kila wiki laweza kugeuka polisi wa dhamiri za watu. Pamoja na hayo, mtu aliyezoea kuulizwa hawezi kirahisi kutangaza ndoto yake kuwa sheria kwa wengine.

Mkoa wa Katavi wenyewe una shahidi wake, na inashangaza jinsi anavyotajwa mara chache katika semina za hapa. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo, miaka ya 1860. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akavushwa Jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868. Lavigerie alimpeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 kijana huyo alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, akiwa daktari na katekista kwa pamoja. Akaoa hapo, mwanawe akawa padri, naye akaendelea kutibu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 katika kituo kimoja.

Mtu aliyewahi kuuzwa kama bidhaa angeeleweka kama angetaka kurudi kwao, au kuishi Ulaya kwa ujuzi wake. Alikaa. Kila asubuhi kulikuwa na kidonda cha kuosha, mtoto wa kupima, mkatekumeni wa kusubiri. Utii wa namna hiyo haufai sana kwa ushuhuda wa dakika tano, kwa sababu hauna tukio la kusimulia, una ratiba. Tena kwa Atiman dawa na sala hazikugombana, kwa kuwa zilikuwa kazi ya mtu mmoja.

Ugomvi huo Watanzania waliuona Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa KKKT aliyejulikana kama Babu, alisema Mungu alimwonyesha kwa ndoto mti ambao mizizi yake ikichemshwa ingeponya magonjwa sugu, na akaelekezwa bei: Sh. 500 kwa kikombe. Watu walimiminika kutoka kila mkoa, na kutoka Kenya. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi porini, na kufikia mwishoni mwa Machi ilikuwa ndefu kiasi kwamba Babu mwenyewe aliomba wengine wasije mpaka Aprili ianze. Kuna wagonjwa waliofia njiani na kwenye foleni, na kuna walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI baada ya kunywa.

Ni vigumu kumwita Babu mwongo. Hakupandisha bei wakati ambapo angeweza kuiongeza mara kumi na watu wakalipa, na uongozi wa dayosisi yake ulimuunga mkono. Kwa hiyo alipimwa na wazee, kama Samweli. Kilichokosekana ni kipimo kingine: nani atalipa iwapo ndoto si ya kweli? Kivengere angekuwa amekosea, hasara ingekuwa yake: miguu kuuma na aibu kidogo. Samunge, hasara ilimwangukia mgonjwa aliyeuza mbuzi kwa nauli na kuacha dozi nyumbani. Masapila alifariki mwaka 2021, na vikombe vya waigaji wake vilivyozuka mikoani vilisahaulika mapema zaidi.

Yaliyotokea Shakahola, karibu na Malindi, Kenya, yalikuwa mabaya kupita kiasi. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya waumini walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni kumfuata Kristo. Huko hapakuwa na Eli, hapakuwa na daktari, na gharama yote walilipa wasikilizaji.

Jirani na Litapunga kuna jambo gumu zaidi kwa sababu halina mhalifu. Makazi ya wakimbizi ya Katumba yalianzishwa mapema miaka ya 1970 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Miaka 35 baadaye, familia zilitakiwa kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Takriban wanne katika kila watano walichagua kubaki, wengine wakarudi, na mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu walithibitishiwa uraia. Uamuzi wa ukubwa huo uliangukia watu waliojenga makanisa kabla ya kujenga nyumba za bati, na si ajabu kwamba wengi waliupeleka kwenye maombi. Wapo waliosimama wakiwa na uhakika wa kubaki, na wapo waliosimama na uhakika uleule wa kurudi. Haitoshi kusema upande mmoja haukusikia. Huenda msukumo, hata ukiwa wa kweli, ni wa yule aliyeupata tu, wala haumpi haki ya kumhukumu ndugu aliyepanda basi la kwenda Burundi.

Kwa majadiliano ya vikundi, turudi kwenye lumbesa. Kesi ni hii. Mnunuzi mmoja, mzee wa kanisa, ameamua msimu huu kununua kwa mizani, kilo kwa kilo. Anasema amesukumwa na Roho. Washirika wake wawili, waumini kama yeye, wameweka nusu ya mtaji na hawajasikia kitu. Akitumia mizani peke yake, faida ya wote itapungua. Akijitoa, mkopo wa kikundi cha akiba na mikopo utachelewa kulipwa na wadhamini watafuatwa. Kikundi cha kwanza kijadili kama anaruhusiwa kutii kwa fedha za wenzake. Kikundi cha pili kijadili ni nani hasa wa kuitwa kukaa naye kabla ya mavuno, na kama wakulima watakaopimiwa mazao yao nao wana nafasi katika kikao hicho.