Kichapo Huanza Alhamisi: Uhaba wa Wachezaji wa Safu ya Mbele katika Ligi za Raga ya Ridhaa

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya makocha, manahodha na makatibu wa vilabu vya ligi za chini, Nakuru

1. Utangulizi

Waandaaji waliniomba nizungumzie namna ya kuinua ari ya timu baada ya kufungwa vibaya. Ari nitaigusa kwa ufupi tu, kwa sababu siamini kwamba ndiyo chanzo cha vichapo tunavyovishuhudia. Nitakayoyasema ni maoni yangu kama mkufunzi. Yasichukuliwe kuwa msimamo wa kamati yoyote ninayoitumikia.

2. Ufafanuzi wa istilahi

Raga ya ridhaa ni ile ambayo mchezaji halipwi. Mara nyingi yeye ndiye anayelipa: ada ya klabu, nauli, viatu. Trai ni pointi 5, konvasheni 2, penalti 3. Safu ya mbele ni jezi nambari 1, 2 na 3, yaani propu wawili na huka katikati yao, ambao ndio wanaobeba uzito wa skramu, yaani msukumano wa wachezaji wa mbele wa timu mbili. Kichapo kizito, katika mada hii, ni kufungwa kwa tofauti ya pointi 50 au zaidi. Haya mnayajua. Tuendelee.

3. Mechi ya mfano

Ilikuwa mechi ya ligi, na timu ninayoizungumzia ilikuwa ugenini. Majina nayaacha, kwani lengo si kumwaibisha mtu. Ilifungwa 94–3.

Timu hiyo ilifika na wachezaji 17. Propu wao mmoja ni mlinzi wa usiku. Mwenzake wa zamu ya mchana hakutokea kumpokea, na matatu iliyoibeba timu haikuweza kumngoja propu huyo. Kwa kikosi cha wachezaji 16 hadi 18, sheria inataka wanne waliofunzwa kucheza safu ya mbele. Wao walibaki na watatu. Hata hivyo, kwenye fomu ya kikosi alama ya safu ya mbele iliwekwa kwenye majina manne, na jina la nne lilikuwa la winga.

Hadi mapumziko walikuwa nyuma 24–3. Walikuwa wamefungwa trai nne, mbili zikiwa na konvasheni. Hayo si matokeo ya kujivunia, lakini bado ilikuwa mechi. Kisha, mapema kipindi cha pili, propu wa kushoto akaumia bega. Mwamuzi akamwita nahodha.

“Una mwingine wa safu ya mbele?”

Nahodha akatazama benchi, akasema, “Tunaye, refa.”

Yule winga akavua jaketi. Skramu iliyofuata ilipofungana, alisukumwa juu, miguu ikaacha nyasi, kidevu kikagandamizwa kifuani. Mwamuzi alipuliza filimbi papo hapo, na tumshukuru kwa hilo. Kuanzia hapo skramu zikawa za kutosukumana, ambapo timu inayoingiza mpira ndiyo inayoutoa.

Timu ikapoteza propu, ikampoteza na winga aliyekuwa wa akiba, kwa kuwa sasa amefungwa katikati ya wachezaji wa mbele asikokujua. Zaidi ya hayo, katika raga ya wachezaji 15, timu iliyofungwa ndiyo inayoanzisha mchezo upya, kwa kuupiga mpira kuelekea kwa waliofunga. Timu dhaifu ikishachoka, kila trai inawarudishia wapinzani mpira mikononi. Kipindi cha pili kilizaa trai kumi, zote na konvasheni: pointi 70. Wachezaji hawakukosa moyo. Nahodha aliendelea kukaba hadi dakika ya mwisho.

4. Tatizo lenyewe

Hapa naomba uvumilivu wenu, kwa sababu hili ndilo linalonishughulisha kwa miaka mingi.

4.1 Hatuwazalishi wachezaji wa safu ya mbele. Kenya ni nchi ya raga ya saba, yaani ya wachezaji saba kila upande. Aprili 2016 Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga hiyo, waliichapa Fiji 30–7 katika fainali ya Singapore, na kila mtoto aliyeshika mpira baada ya siku hiyo alitaka kuwa kama mchezaji wao Collins Injera. Hakuna ubaya. Lakini skramu ya raga ya saba ina watu watatu kila upande, nayo hupita upesi. Kijana mnene, mwenye shingo nene na mwendo wa pole, hana nafasi pale. Shuleni anaambiwa akatupe tufe. Akija kwetu akiwa na miaka 22, hajawahi kufundishwa kushikana, kukaa mgongo ukiwa umenyooka, wala kuporomoka kwa usalama. Pengo hili halipo ligi za chini pekee. Novemba 2022 huko Dubai, kwenye mchujo wa mwisho wa Kombe la Dunia, timu ya taifa ya wachezaji 15 ilifungwa 85–0 na Ureno. Sitalizungumzia zaidi; wapo wanaohusika.

4.2 Tukiwapata, hatuwafunzi. Klabu nyingi hufanya mazoezi jioni mbili kwa wiki, uwanja ukiwa nusu giza, bila mashine ya skramu. Kocha ni mmoja, na kwa kawaida alicheza nyuma. Anafundisha anachokijua.

4.3 Tukiwafunza, kazi inawachukua. Jumamosi ni siku ya kazi kwa mlinzi, mjenzi, kondakta na muuzaji wa duka. Winga akikosekana, yuko mwingine. Propu akikosekana, timu nzima imebadilika.

4.4 Kanuni zinaadhibu ukweli. Hili ndilo linaloniuma. Timu isiyofika hupoteza mechi kwa ushindi wa mezani na kukabiliwa na adhabu. Timu inayofika na fomu isiyo ya kweli haipati lolote zaidi ya kichapo, na kwa kichapo timu haikatwi pointi. Basi katibu mwenye busara afanye nini? Anapakia wachezaji 15 au 17, anaweka alama pasipostahili, anaomba Mungu propu asiumie. Hatuwezi kumlaumu katibu peke yake. Sisi ndio tuliomwandalia njia hiyo.

Pendekezo la kuwataka makatibu watangaze idadi ya safu ya mbele kila Alhamisi niliwahi kuliwasilisha. Lilipokelewa vizuri. Likapelekwa kwenye kamati ndogo, na kamati ndogo ikashauri iandikwe mada. Naheshimu taratibu. Lakini shingo ya kijana haingoji kikao kijacho.

4.5 Waamuzi wanaachiwa mzigo. Mwamuzi hawezi kumjua kila mchezaji. Anauliza, anajibiwa, anaendelea. Tunamtaka agundue uwanjani, kwa sekunde chache, jambo ambalo klabu ililijua siku mbili kabla.

5. Kwingineko

Machi 2015, katika ligi ya Ubelgiji, Royal Kituro waliifunga Soignies 356–3, trai 56. Mwamuzi alichelewa sana kufika, na Soignies walikuwa wameshadhani mechi imeahirishwa. Yaani hata matokeo yale yaliyozunguka dunia nzima yalianzia kwenye ratiba na mawasiliano.

Japani nayo ilifungwa 145–17 na New Zealand katika Kombe la Dunia la 1995. Mwaka 2015 ikaifunga Afrika Kusini 34–32. Kichapo si hukumu ya milele, ila hakijitibu chenyewe.

6. Mapendekezo

i. Kila katibu atangaze, kufikia Alhamisi jioni, idadi ya wachezaji wake waliofunzwa safu ya mbele.

ii. Timu isiyotimiza idadi iruhusiwe kucheza kwa skramu za kutosukumana tangu mwanzo, bila adhabu ya ushindi wa mezani, ili mradi imetangaza mapema.

iii. Fomu yenye alama isiyo ya kweli ihesabiwe kuwa kosa kubwa kuliko kutofika uwanjani.

iv. Pawe na daftari la wachezaji wa safu ya mbele kwa kila eneo, likitiwa saini na kocha aliyewafunza.

v. Vilabu jirani vishirikiane mazoezi ya skramu angalau mara moja kwa mwezi, kwa mashine moja inayohamishwa.

vi. Makocha waliocheza safu ya mbele, hata waliostaafu, waalikwe kufundisha. Nauli yao ilipwe.

vii. Shule za sekondari zihimizwe kumpa kijana mnene mpira kabla ya kumpa tufe.

viii. Ratiba itolewe mapema ili mchezaji aweze kubadilishana zamu kazini.

ix. Manahodha wakubaliane kabla ya mechi kuwa tofauti ikizidi kiasi fulani, kipindi cha pili kinaweza kufupishwa kwa ridhaa ya pande zote.

x. Mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe na asirudi siku hiyo. Mwongozo wa World Rugby kwa raga ya ridhaa unataka akae nje ya mechi siku zisizopungua 21. Timu yenye watu 15 ndiyo inayoshawishika zaidi kuupuuza.

xi. Mwamuzi aoneshwe daftari lililotajwa katika (iv) kabla ya mechi, asitegemee jibu la nahodha.

xii. Kwa kurudia (i): tangazo la Alhamisi liwe la lazima. Mengine yote yanaegemea hapo.

7. Hitimisho

Kuhusu ari, kama nilivyoombwa: timu iliyofungwa 94–3 ilirudi mazoezini Jumanne. Ari wanayo. Wanachokosa ni mchezaji wa nne wa safu ya mbele na kanuni inayowaruhusu kukiri kwamba hawana. Naomba kikao hiki kisiishie kuipokea mada hii na kuihifadhi. Mapendekezo (i), (ii) na (iii) hayahitaji bajeti. Yapigiwe kura kabla ya chakula cha mchana, na jina la atakayesimamia utekelezaji liandikwe kwenye kumbukumbu.