Haki ya Kujua: Ugunduzi wa Wataalamu Utufikie kwa Redio

Mada iliyotolewa kwa wakulima wa Mponde, Lushoto



Tumezoea kudai haki ya ardhi, haki ya bei njema ya majani ya chai, na haki ya kusikilizwa barazani. Leo nataka tutafakari haki nyingine, tusiyoitaja mara nyingi: haki ya kujua yale ambayo wataalamu wamegundua. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 27, linatambua kwamba kila mtu anayo haki ya kushiriki katika maendeleo ya sayansi na kunufaika nayo. Kila mtu, wala si msomi peke yake.

Tuwatazame jirani zetu wa bondeni, Korogwe. Tangu mwaka 2009 hadi 2014, watoto wa huko, pamoja na wenzao wa Bagamoyo, walikuwa miongoni mwa watoto 15,459 wa nchi 7 za Afrika walioshiriki katika jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Wazazi waliwabeba watoto hadi kituoni, wakakubali wachomwe sindano na kutolewa damu. Matokeo kamili yalitolewa mwaka 2015. Watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakapata dozi 4, walipungukiwa na malaria kwa asilimia 36 hivi. Mnamo Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika.

Matokeo hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida la madaktari. Jarida hilo halifiki shambani. Je, ni haki mama aliyemtoa mwanawe asaidie kupatikana kwa elimu hiyo aisikie kwa uvumi tu?

Milima yetu wenyewe ina ushuhuda mchungu zaidi. Tauni iliripotiwa Lushoto mwaka 1980, ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20. Watu zaidi ya 7,000 waliugua, na zaidi ya 600 wakafariki. Elimu iliyohitajika ilikuwa fupi: viroboto wa panya ndio waenezao, panya wakifa ovyo, viroboto humhamia binadamu, mgonjwa akiwahishwa hospitali, dawa ipo. Maneno hayo hayazidi dakika moja. Lakini penye kimya, hofu hujaa, na baada ya hofu hufuata tuhuma za uchawi. Hapo jirani humgeuka jirani, na amani ya kijiji huvunjika.

Redio inaweza kuuvunja ukimya huo. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kwa muda wa majuma 12, wakasikiliza vipindi, wakajadiliana, kisha wakatenda: wakachimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Redio ilisema, lakini kikundi ndicho kilichoamua.

Basi kipindi kifupi, cha dakika mbili au tatu, kinapaswa kujibu mambo manne:

1. Ni nini kilichogunduliwa, na ni nani aliyekigundua, wapi?
2. Kilijaribiwa kwa watu, mimea au wanyama wangapi?
3. Kinasaidia kwa kiasi gani, na mpaka wake ni upi? Asiyesema kwamba chanjo ile haikuzuia malaria yote, na kwamba chandarua bado ni lazima, amedanganya nusu.
4. Msikilizaji afanye nini kesho, na amwulize nani?

Tujihadhari pia. Utafiti mmoja si amri. Tena wapo wauza dawa wanaolipia matangazo na kuyavika joho la sayansi. Mtangazaji mwaminifu hutenganisha habari na biashara. Na saa ya kipindi iwe ya haki: kikirushwa asubuhi, mama yuko kwenye chai, kikirushwa jioni, baba huenda ameondoka na redio. Redio ya nyumbani ni ya nyumba nzima.

Ndugu zangu, tusikae tukingoja. Kila kitongoji kiwe na kikundi cha kusikiliza, na mmoja aandike maswali ayapeleke kituo cha redio, kwa bwana shamba na kwa mganga wa zahanati. Kuuliza si ujinga. Mtafiti anayetujia kwa vipimo na atuahidi, kabla hajaanza, kwamba atarudi na majibu kwa lugha tunayoielewa.



Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni utafiti gani uliowahi kufanyika kijijini kwetu? Majibu yake tuliyapata?
2. Ni uvumi gani umewahi kututenganisha kwa sababu ya kukosa elimu?
3. Nani nyumbani huamua redio ifunguliwe saa ngapi?