Maneno ya Mashini ya Afisi

Ndugu wafanya kazi, mashini moja afisini sasa yachapa, yanakili na kupiga picha za karatasi. Tujue maneno yake, barua za malalamiko yetu zisipotee.

"Skani" ni kuipiga karatasi picha na kuipeleka kwenye kompyuta. Kwa maandishi, nukta 300 kwa inchi zatosha.

"Anwani ya IP" ni nambari ya mashini katika mtandao: kwa kawaida tarakimu za mafungu manne, kila fungu tangu 0 hata 255. Ikibadilika, kompyuta hukosa kuiona, tuombe isiyobadilika.

"Kitabu cha anwani" kina majina ya wapokeaji. Tusome jina kabla ya kubonyeza. Behewa lililopotea njia hurudishwa stesheni. Barua iliyomfikia meneja hairudi.