Baba Anayefundisha Kutembea

Hosea 11:3 inatuonyesha Mungu akimfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono. Kazi tunayoiita ya wanawake, Mungu hakuona haya kuifanya.

Kuna wakati nilikosa kazi. Mke wangu akauza sambaza sokoni Kadutu, mimi nikabaki nyumbani na mtoto wetu wa mwaka mmoja. Nilipika uji, nilifua vitambaa vyake. Majirani walipopita, nilificha beseni nyuma ya mlango.

Siku moja mtoto aliachia kidole changu, akapiga hatua tatu, akaanguka, akaninyooshea mikono. Nililia. Mimi pia Mungu aliniinua hivyo, mara nyingi.

Baba unayelea, usifiche beseni. Na wewe unayemcheka, tubu. Amina.