Pikipiki Gani Imbebe Mama Mjamzito?

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii.

Leo tunazungumza juu ya bodaboda. Utauliza, muuguzi na pikipiki wapi na wapi? Lakini kutoka Mutomo hadi Zombe, kutoka milima ya Mbooni hadi Kibwezi, mama wengi hufika kliniki nyuma ya pikipiki.

Kuna mama aliyekosa kliniki mara mbili. Nilipomtembelea aliniambia, "Sista, siogopi kliniki. Naogopa ile pikipiki. Nikishuka, mgongo unaniuma siku mbili." Tulimtafutia nyingine, akaja. Tukampima, kumbe presha iko juu sana. Alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo, akajifungua salama. Je, angekosa mara ya tatu?

Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani linashauri mama mjamzito aonwe mara 8. Kwa hivyo starehe ya safari si anasa. Ndiyo itakayokurudisha kliniki.

Ikiwa kuna gari, panda gari. Ikiwa hakuna, chagua pikipiki. Kwetu tunaona sana Boxer na TVS. Boxer ziko za injini ya 100 na ya 150. TVS Star HLX ziko za 125 na 150. Ile ya 150 ina nguvu zaidi, kwa hivyo hupanda mlima bila kuhangaika. Ile ya 100 ni nyepesi, lakini kwenye mlima mkali dereva hubadilisha gia mara kwa mara, nawe unarushwa kila mara. Zile kubwa za Marekani kama Harley-Davidson, zenye kiti cha chini, zinafaa lami. Kwenye mawe yetu zingekwaruza tumbo.

Hata hivyo, usichague kwa jina tu. Boxer mbili zinazofanana zinaweza kukubeba tofauti kabisa. Kagua haya:

Kwanza, kiti. Kibonyeze kwa kiganja. Ukigusa chuma au plastiki chini, sponji imekwisha.

Pili, springi za nyuma. Wanaobeba mizigo huzikaza, na ukikaa peke yako zinakurusha. Mwombe dereva azilegeze kidogo. Kisha sukuma kiti chini. Kikidunda mara nyingi kabla ya kutulia, springi zimechoka.

Tatu, magurudumu. Yasiwe na kipara. Yakijazwa upepo kupita kiasi, utahisi kila jiwe.

Nne, pa kuweka miguu. Pawepo pande zote mbili, na magoti yasisukume tumbo. Angalia pia ekzosi isikuchome mguu.

Zaidi ya yote, mwangalie dereva. Jaribuni safari fupi mapema. Ukimwambia "polepole" naye akaongeza mwendo, tafuta mwingine.

Ukipanda, kaa kwa kutanua miguu, mmoja kila upande. Najua wengi hukaa upande kwa heshima ya nguo. Vaa suruali ndani, au jifunge leso vizuri. Sheria ya Trafiki ya Kenya inataka abiria akae hivyo, na awe mmoja tu. Vaa helmeti na ufunge mkanda wake. Ncha ya leso isining'inie, kwa maana gurudumu likiishika litakuangusha. Mtoto asikalishwe juu ya tangi mbele ya dereva.

Wengine husema pikipiki ikirukaruka huharakisha uchungu. Usijaribu! Na ukianguka, hata kama huumwi, nenda kituo cha afya siku hiyo. Kondo la nyuma linaweza kuachana na tumbo la uzazi, na damu ikabaki ndani usiione.

Kuna wakati pikipiki haifai kabisa. Mama akiwa na kifafa cha mimba, akizimia, au akitokwa na damu nyingi, hawezi kujishikilia. Mlazeni ubavu wa kushoto, mtafute gari au ambulensi mara moja. Kwa hivyo ukifika mwezi wa saba, uwe tayari na namba ya mwenye gari, ya mhudumu wa afya wa kijiji chako na ya kituo cha afya. Mvua ikinyesha mito yetu ya mchanga hujaa, basi jua pia njia ya pili.

Baba, nyanya, kazi ya kukagua pikipiki ni yenu pia. Msimwachie mama peke yake. Wiki hii, kabla ya siku ya kliniki, mwiteni dereva nyumbani mkabonyeze kile kiti.

Hadi wiki ijayo, safiri salama.