Baiskeli Isiyomsumbua Mwenyewe

(Haya ndiyo maneno ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wafanya kazi na wakulima wanaotumia baiskeli kila siku.)

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa dogo, nalo ni kuchagua baiskeli ya kwendea kazini. Nasema si dogo, maana mtu alipwaye kwa kutwa, baiskeli yake ikiharibika njiani asubuhi, hupoteza ujira wa siku ile. Jambo hilo likitokea mara tatu katika mwezi mmoja, huenda akapoteza na kazi yenyewe.

Namjua mtu mmoja akaaye Kayole, Nairobi, ambaye kazi yake iko katika Eneo la Viwanda. Alinunua baiskeli ya kung'aa, yenye gia 21 na springi mbele na nyuma. Mtaa mzima uliisifu. Mwezi wa pili gia zilianza kuruka. Mwezi wa tatu springi zililegea, kisha kile chombo kidogo cha kuhamisha mnyororo kikapinda, kikaingia katika spoki za gurudumu. Siku hiyo aliibeba baiskeli yake begani, naye alipofika alikuta lango limefungwa. Wazee walisema kweli: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sasa mtu huyo hupanda baiskeli nyeusi ya kizamani, ile iitwayo Black Mamba, naye hufika kabla ya saa ya kazi.

Je, siri ya baiskeli hiyo nyeusi ni nini? Ni kwamba haina mambo mengi. Mwaka 1885 Bwana John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitengeneza baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana ukubwa, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 Bwana John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, akapata hati ya mpira wenye kujazwa hewa. Baiskeli nyeusi haikwenda mbali sana na kazi za mabwana hao wawili. Ina fremu ya chuma, gia moja, na breki zinazovutwa kwa vyuma vyembamba badala ya waya. Kisichokuwamo hakiharibiki.

Basi shauri langu la kwanza ni hili: chagua baiskeli yenye vipande vichache. La pili: kabla ya kutoa fedha, nenda kwa fundi wa sokoni kwenu, umwulize ana vipuri vya baiskeli gani. Tairi ya inchi 28 na raba za breki za Black Mamba hupatikana hata katika masoko madogo. Baiskeli nzuri ambayo kipuri chake hakipatikani ila katika duka moja la mjini ni mzigo, si msaada.

La tatu: itazame njia yako. Akaaye katika uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, atatosheka na gia moja. Lakini akaaye katika vilima vya Kisii au Murang'a atachoka bure. Mtu wa vilima, akiweza, na atafute baiskeli yenye gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Gia za namna hii zimetumika tangu mwanzo wa karne ya 20. Vumbi na matope haviingii kwa urahisi, wala mnyororo hauhamishwi.

Hapa sharti niseme pia ubaya wa baiskeli nyeusi, maana mshauri anayeficha ubaya si mshauri. Magurudumu yake ya chuma yakilowa mvua, breki hazishiki vema. Mtu ateremkaye mlima wakati wa masika, akitumaini kusimama mara moja, aweza kujikuta chini ya gari. Magurudumu ya alumini hushika vizuri zaidi yakiwa na maji. Iko pia breki ya ndani ya kitovu, ifanyayo kazi kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Hiyo haijali mvua. Lakini katika mteremko mrefu hupata moto, na mnyororo ukikatika, breki nayo imekwisha. Kwa hiyo mwenye breki hiyo asikose breki ya pili katika gurudumu la mbele.

Ukinunua baiskeli iliyokwisha tumika, usitazame rangi. Inua kila gurudumu ulizungushe; likiyumba au likikwaruza, uliza sababu. Gusa spoki moja moja kwa kidole. Ile inayolia kwa sauti ya chini kuliko wenzake imelegea. Chunguza maungio ya fremu chini ya usukani, maana nyufa hujificha chini ya rangi mpya. Mwisho, dai hati ya mauzo yenye namba ya fremu. Asiye na hati aweza kuwa amekuuzia mali ya mwingine, na polisi watakuuliza wewe, si yeye.

Baiskeli isiyosumbua si baiskeli isiyotunzwa. Kila juma pangusa mnyororo kwa kitambaa, uutie mafuta safi kidogo, kisha upanguse yaliyozidi, kwa kuwa mafuta mengi hukamata mchanga. Usitumie mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka injini ya gari, maana yana uchafu wa chuma ndani yake. Jaza upepo wa kutosha. Tairi lililolegea huumia upesi penye mawe. Na mara kwa mara pima mnyororo kwa rula: hesabu pini 25. Kutoka pini ya kwanza mpaka ya 25, mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, ununue mwingine. Ukingoja mpaka uzidi kwa sehemu moja ya nane, mnyororo utakuwa umekwisha kula meno, nawe utanunua vyote pamoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mabibi na Mabwana, baiskeli haili majani wala petroli; huomba mafuta kidogo, upepo, na jicho la mwenyewe. Chagua ile inayoomba machache, kisha umpe hayo machache kila juma fundi wa kwanza wa baiskeli yako, ambaye ni wewe mwenyewe.